Mwenye Bucha Aliyengoja Salamu

Ukiingia buchani kwake bila kusalimu, ulitoka na mifupa. Hakugombana na mtu. Alikukatia kilo yako, akaifunga vizuri, akakutakia siku njema, nawe ukafika nyumbani ukafungua mfuko ukakuta shingo na magoti matupu. Mara ya pili ulijifunza. Sisi Wakenya wa Birmingham tulimwita Mwenye Bucha tu, ingawa pale Balsall Heath bucha ni nyingi na kila moja ina mwenyewe. Ukisema umetoka kwa Mwenye Bucha, watu walijua ni yupi, na wakakuuliza kama ulikumbuka kusalimu.

Alikuwa na kanuni mbili, na alizitangaza juu ya kelele za msumeno wa nyama. Ya kwanza: anayeingia ndiye anayesalimu, hata awe mfalme. "Ukiingia kwa mtu, hajui umemletea heri au shari. Basi mwambie mapema." Ya pili: mdogo ndiye anayemsalimia mkubwa. Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kuziona kanuni hizo mbili zikigongana pale buchani. Ziligongana mara moja tu, mbali sana na Balsall Heath, kwenye theluji, na mimi nilikuwepo.

Alikuwa Msomali wa Isiolo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Isiolo vilevile, kikavu na kisicho na haraka. Mimi aliniita Sista kwa kuwa ni nesi. Mrefu, ndevu zenye hina, koti jeupe lililofungwa juu ya sweta mbili. Kazi yake yote ilikuwa kwenye friza na chumba cha baridi, na sijaona mtu aliyechukia baridi kama yeye. "Baridi ya Uingereza haikuui," alikuwa akisema, "inakusengenya tu mpaka ujichukie mwenyewe."

Ukiagiza nyama alitaka kwanza kujua unapika nini. Ukisema pilau, alirudisha kile kipande ulichokichagua mwenyewe na kukuletea kingine. Vijana waliozaliwa hapa walipoomba nyama isiyo na mifupa, aliweka kisu chini. "Mbuzi asiye na mifupa alitembeaje?" Walicheka, yeye hakucheka, kisha aliwatolea mifupa yote mmoja mmoja kwa mkono wa fundi. Alikuwa mkali wa maneno na mlaini wa vitendo, na ukitaka kumwudhi ungemshukuru mbele za watu.

Sasa mbwa. Kwa dini yake mate ya mbwa ni najisi, na mlango wa bucha ulikuwa mwiko kwa mbwa. Lakini palikuwa na bibi mmoja Mwingereza aliyepita kila Ijumaa na mbwa wake mzee, na kila Ijumaa Mwenye Bucha alitoka nje na mfuko wa mifupa, akaunyoosha kwa mkono mrefu kama anayempa mtu kaa la moto. Nilimtania, "Mzee, si ulisema humpendi mbwa?" Akanijibu, "Sijasema simpendi. Nimesema asiingie."

Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida. Baadaye nilielewa kwamba katika sentensi ile alikuwa amesema habari zake zote na za binti yake.

Binti alikuwa mtoto wake wa pekee. Nilimjua akiwa msichana wa shule, Jumamosi akikaa kwenye mashine ya kulipia, akielewa kila neno la Kiswahili tulilosema na kutujibu kwa Kiingereza. Alipenda wanyama kupita kiasi cha mtu wa bucha. Siku moja ya mvua aliokota mbwa barabarani akamwingiza jikoni. Baba mtu alipomkuta, alimtoa mbwa nje, akaosha sakafu mara saba, moja kwa udongo wa bustanini, kama alivyofundishwa. Binti naye hakubishana. Alichukua blanketi lake akaenda kulala na mbwa kwenye kibanda cha vifaa nyuma ya nyumba. Asubuhi alifungua mlango akakuta kikombe cha chai kimewekwa chini, kimefunikwa na sahani, bado cha moto, na baba yake akirudi ndani bila kugeuka. Hadithi hiyo alinisimulia mkewe, marehemu, huku akicheka mpaka machozi. "Hawa wawili ni mtu mmoja," aliniambia, "ndiyo maana hawawezi kukaa nyumba moja."

Binti akasoma mambo ya wanyama, akaenda Ufini, kule juu kabisa Lapland, akapata kazi kwenye shamba la mbwa wa kuvuta sleji, yale magari ya theluji yasiyo na magurudumu. Wateja walipomwuliza Mwenye Bucha binti anafanya nini, alijibu, "Yuko na mifugo." Hapo alikomea.

Kisha mama akafa ghafla, majira ya baridi. Waislamu hawamweki maiti. Alizikwa kesho yake, na binti alikuwa amekwama kwenye uwanja wa ndege uliofungwa kwa theluji. Alifika matanga yakiwa yanakaribia kwisha. Nilikuwa pale, nimekwenda kutoa pole na chapati zangu. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Binti akaweka begi chini, na kabla hajafungua mdomo, mzee akasema, "Mbwa wamekupa ruhusa?"

Yule binti alimtazama baba yake, akaokota begi, akarudi kwenye teksi ambayo ilikuwa bado haijageuza. Mzee hakuondoka pale mlangoni kwa muda mrefu. Alikuwa na uchungu wa mke, na uchungu hautafuti wa kuumiza, unaumiza aliye karibu. Namwelewa. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Tangu hapo hawakusalimiana, miaka. Mzee alisema binti ndiye mdogo, aje asalimu. Binti, nilisikia, alisema yeye alifukuzwa, haji mpaka aitwe. Mzee hakulitaja jina lake tena, ila alianza tabia mpya. Kila asubuhi alitazama kwenye simu hali ya hewa ya kule Lapland, na mteja wa kwanza aliambiwa, apende asipende. "Leo huko ni ishirini chini ya sifuri." Watu wengi hawakujua huko ni wapi. Walidhani anazungumzia friza.

Chama chetu cha akina mama wa kanisa, sisi wa Great Barr na wachache wa Kingstanding, kila mwaka hufanya jambo moja la kujifurahisha. Mwaka ule mwenyekiti wetu alipata safari ya siku moja: kuondoka Birmingham alfajiri kwa ndege, kufika Lapland, kuendesha pikipiki za theluji, kutembelea shamba la kulungu wa Krismasi na shamba la mbwa, na kurudi jioni. Nilikwenda kununua nyama ya sambusa za njiani, nikalitaja jambo hilo.

"Hilo shamba la mbwa linaitwaje?" aliuliza.

Nikamwambia. Akafuta kaunta ambayo ilikuwa safi. Akaniuliza tena jina, nikalirudia. Akafuta tena.

"Kuna nafasi ya mtu mmoja?"

Mwenyekiti wetu ni mama wa maneno. Alipomwona Mwenye Bucha kwenye uwanja wa ndege amevaa makoti mawili na kofia, akapiga makofi. "Mzee, wewe na akina mama wa kanisa? Leo utaimba pambio!"

"Si mnaenda kuona theluji, mama?" alimjibu. "Theluji ina dini?"

Njia nzima alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Alikula chapati zetu, akatugawia tende, akatuambia anakwenda kukagua hao kulungu kwa niaba ya wafugaji wa Isiolo. Nilijua anakwenda kwa nini. Naye alijua kwamba najua, na hatukusema.

Tulipofika tuliingizwa kwenye ukumbi tukavalishwa ovaroli nzito za bluu, mabuti, helmeti, na boshori za kufunika uso mpaka macho. Tulipotoka nje hatukujuana. Mwenyekiti alimkumbatia Mjerumani mmoja akidhani ni mimi. Tulicheka sana, na mimi, Mungu ananiona, nilicheka kuliko wote, kwa kuwa sikuwaza kwamba mavazi hayo yangetuletea balaa.

Pikipiki moja ilibeba watu wawili. Mwenye Bucha alikataa kukaa nyuma ya mwanamke, nami nikakaa nyuma yake, na sijawahi kuona chombo chenye nguvu kikiendeshwa polepole namna ile. Wenzetu walipotea msituni. "Mzee, kanyaga mafuta!" Akasema mnyama usiyemjua humpigi. Kiongozi wa msafara alirudi kututafuta akadhani tumeharibikiwa. Mzee alikuwa amesimama tu, anatazama miti iliyoinama kwa uzito wa theluji na mwanga wa bluu ambao kule ndio mchana wao. "Sista," aliniambia, "mtu anaweza kuishi hapa?" Nikamwambia wako wanaoishi. Akawasha pikipiki.

Kwa kulungu alijisahau kabisa. Aliingia katikati yao, akawapapasa migongo, akawatazama miguu, akaanza kutufundisha. "Huyu mwenye pembe kubwa ndiye dume, bwana wa kundi. Hawa vipara ni wake zake." Mwenye shamba, aliyeelezwa kwa Kiingereza, akatabasamu akasema ni kinyume. Madume yale yalikwisha kuangusha pembe kabla ya baridi kali, na majike ndiyo yaliyobaki nazo. Akina mama walipiga vigelegele. Mwenyekiti akasema hatimaye amepata nchi ya kuhamia. Mzee alicheka mpaka akainama. "Nchi hii," alisema, "hata pembe zimebadilisha mikono." Alitandika koti lake la juu kwenye theluji nyuma ya basi lililotuzungusha, akaswali, na alipomaliza furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. Kituo kilichobaki kilikuwa cha mbwa.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mbwa wale wanapojua wanakwenda kukimbia hulia wote pamoja, huwezi kumsikia mwenzako. Mzee alivua glavu za kukodi akavaa zake za sufi. "Hizi nitazitupa nikimaliza," alinieleza, kwa ajili ya najisi.

Binti alitoka kwenye kibanda cha kuhifadhia kamba. Naye alikuwa amejifunika, macho tu, kope zimeganda. Lakini alikuwa na mwendo wa mama yake, ule wa kutanguliza bega, na sote wawili tulimjua papo hapo. Nilifungua mdomo nimwite. Mzee akanishika mkono, akanibana.

"Sista. Wacha. Mdogo ndiye husalimia."

Lilikuwa jambo la baba na mtoto wake. Nikafunga mdomo, huku nachemka.

Binti akatusalimia wote kwa pamoja, kwa Kiingereza, salamu ya wageni, jinsi anavyowasalimia wote kila siku. Akatugawa kwenye sleji, na sisi wawili tukaangukia kwake. Mzee alikaa mbele yangu. Binti akaja na blanketi zito, akapiga goti kwenye theluji, akamfunika baba yake: akalichomeka chini ya mguu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha akalivuta mpaka kifuani na kulibana mabegani. Uso wake ulikuwa karibu na wa baba yake kuliko ulivyowahi kuwa tangu matanga yale. Macho yake yalikuwa kwenye blanketi.

"Warm enough, sir?"

Mzee alitikisa kichwa kukubali kwamba joto linamtosha. Hakutoa sauti. Angetoa sauti, angejulikana, na alitaka ajulikane bila kujitangaza.

Tukaenda. Binti alisimama nyuma yetu kwenye vyuma vya sleji, akiwaita mbwa kwa majina, kwa upendo mtupu. Niliona mabega ya mzee mbele yangu yakisikiliza. Hakugeuka hata mara moja. Tuliporudi, binti alimnyooshea mkono kumwinua, mkono wenye glavu iliyoloa mate ya mbwa, na yule mtu aliyeosha jikoni mara saba akaushika kwa mikono miwili. Akaushika zaidi ya inavyohitajika. Binti akadhani mzee amepoteza mizani, akamshika kiwiko, akamwambia taratibu, taratibu. Kisha kundi jingine likawa limefika, naye akaenda kulipokea.

Kwenye ndege ya kurudi akina mama walilala. Mzee alikuwa kwenye dirisha na mimi nilishindwa kuvumilia.

"Mzee, mbona hukusema neno?"

"Mimi ni baba yake."

"Hakujua ni wewe! Umefunikwa kama maiti, wewe na wageni wote. Angekujuaje?"

"Damu haijui?"

"Damu haina macho, Mzee. Na hebu nikuulize kwa kanuni yako mwenyewe. Leo ni nani aliyeingia kwa mwenzake?"

Alitazama nje ambako hapakuwa na kitu. Nilijuta ukali wangu kidogo, kisha nikaacha kujuta. Tulikuwa tumekaribia kushuka aliponigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni mimi niliyeingia," alisema. "Nikanyamaza. Ndiyo maana nimetoka na mifupa."

Nilimwambia ampigie simu tukitua tu. Nilimpa na yangu. Akakataa. "Simu si mlango, Sista. Nilimfukuza mlangoni, nitamsalimia mlangoni. Theluji ijayo nitarudi peke yangu, nitaingia, nitasema." Nilimkasirikia sana kwa jibu hilo, na mpaka leo sijapoa. Theluji ijayo! Kana kwamba siku ni mbuzi wake, amezifunga zizini.

Zile glavu hakuzitupa. Mpwa wake, aliyekuja kushika bucha, alizikuta baadaye kwenye kibanda cha vifaa nyuma ya nyumba, zimetundikwa msumarini, hazijafuliwa.

Mwaka uliofuata alikuwa mwepesi. Alianza kusema "binti yangu" mbele ya wateja. Aliniuliza kama mtu akiwa peke yake anaweza kupata ndege bila kundi la pambio. Mteja akisahau kusalimu, alimpa nyama nzuri hivyohivyo, na watu wakaanza kunong'ona kwamba Mwenye Bucha anaumwa. Kumbe walikuwa wanaona mbali kuliko mimi nesi. Majani yalikuwa yanaanza kuanguka kiharusi kilipompata, palepale nyuma ya kaunta. Kilichukua upande wa kulia na kilichukua maneno yote.

Alilazwa katika hospitali ninayofanya kazi, wodi nyingine. Nilimpitia kila nilipomaliza zamu. Alinijua. Alinitazama kwa jicho la kunituma, nami sikuwa na pa kwenda, kwa kuwa mpwa wake alikwisha kumpigia simu binti.

Binti alifika alasiri, amevaa koti kubwa la kule, uso wazi. Nilikuwa nimeketi karibu na kitanda. Alisimama kwenye mlango wa chumba, akavuta pumzi.

"Asalaam aleikum, Aabo," akasema, akimwita baba kwa Kisomali.

Mdogo amemsalimia mkubwa, na aliyeingia ndiye aliyesalimu. Kanuni zote mbili zilitimia kwa mara moja. Na yeye, ambaye dini yake inamlazimu kuijibu salamu, alifungua mdomo, upande mmoja tu ukafunguka, akajaribu, akajaribu tena, pasitoke kitu ila mate. Binti alinigeukia.

"Unaona, aunty? Hata leo. He won't even answer me."

"Hawezi, mama. Ulimi umekufa. Mtazame machoni."

Alimtazama. Kisha akakaa pembeni ya kitanda, mbali kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "All those years. He never came. Not once."

Sikuwa na ruhusa ya mzee. Nilimtazama, naye akafumba macho akayafumbua, nikaichukua hiyo kuwa ruhusa. Nikamweleza binti yake kila kitu: akina mama wa kanisa, ovaroli za bluu, blanketi, mkono ulioshikwa kwa mikono miwili.

"Aabo came? Kwangu? Kwa dogs?" Alikunja uso, anatafuta. Nilimwona akitafuta. "Which day, aunty? Alikaa sleji gani?" Kisha akaziba mdomo kwa mkono. "I don't remember him. We carry so many people. Wote wako the same. I can't remember him."

Hilo ndilo lililomliza. Alilia kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Mzee naye machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja, na mkono wake mzima ulikuwa unapapasa shuka, unatafuta.

"Nionyeshe unavyowafunika wageni," nilimwambia binti, kwa kuwa sikujua la kusema.

Alijifuta uso. Akapiga goti sakafuni kando ya kitanda. Akalichomeka blanketi la hospitali chini ya mguu wa kushoto, kisha wa kulia, ule uliokufa, akaurekebisha taratibu. Akalivuta mpaka kifuani, akalibana mabegani, na mdomo wake ukasema wenyewe maneno ya kazi.

"Warm enough, sir?"

Mzee alitikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali siku ile, na safari hii binti yake alikuwa anamtazama usoni.